Ombi la Kumtoa Binti Yangu Mtaroni na Kumrudisha Darasani

Kambi ya Wachimba Mitaro,
Chumba namba tisa, kitanda cha chini.

Kwa Mkuu wa Idara ya Baiolojia,
Chuo Kikuu.

Mheshimiwa Mkuu wa Idara,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na wahadhiri wako, makarani wako, na yule mlinzi wa getini aliyenishikia sanduku siku nilipomleta binti yangu mwaka wa kwanza. Namtaja mapema kwa sababu barua hii ina malalamiko mengi, na si vizuri mtu aanze kulaumu kabla hajashukuru.

Mimi ni baba wa mwanafunzi wenu wa mwaka wa mwisho. Kazi yangu ni kuchimba mitaro, huu ni mwaka wa ishirini na mbili, mbali na nyumbani. Shule niliishia darasa la sita. La saba nililiona kupitia dirishani. Kwa hiyo maneno yangu yakiteleza mahali, nishike mkono tusonge mbele.

Hapa mbele yangu kuna fomu yenu ya ridhaa ya mzazi. Inataka nikubali binti yangu aende kwenye kinamasi na wenzake watatu, wakae huko wiki sita wakitazama madimbwi. Fomu iwafikie kabla ya Ijumaa ya wiki hii. Isipofika, binti yangu hataenda. Atapewa mada ya maktaba, aandike juu ya vinamasi vilivyotazamwa na watu wengine. Nimeisoma fomu hiyo mara nne na sijaitia saini. Sababu zangu nimezipa namba ili zisikanyagane.

1. Wahadhiri wenu hawafundishi. Mwezi uliopita binti yangu alikuja kambini kwetu. Nilifurahi sana, maana tangu azaliwe sijawahi kukaa naye zaidi ya siku kumi mfululizo. Nyumbani naenda mara moja kwa mwaka. Nafika nikiwa mgeni, na naondoka pale watoto wanapoanza kunizoea. Nikadhani amekuja kumsalimu baba yake. Kumbe ametumwa. Nikaomba nione hiyo kazi aliyopewa. Ilikuwa karatasi moja yenye maneno machache kuliko yaliyo kwenye kiberiti: "Tafuta maji yaliyotuama. Yatazame kwa wiki tatu. Njoo uniambie umeona nini." Basi. Hakuna kurasa za kukariri, hakuna majibu upande wa nyuma.

Nikampigia simu mhadhiri mwenyewe, mama mwenye sauti ya upole. Nikamwambia, samahani mwalimu, jibu ni lipi, ili tuokoe muda? Akacheka, akasema, "Mzee wangu, hata mimi silijui." Mheshimiwa, nyapara wetu hawezi kusoma ramani, lakini hajawahi kukiri hilo mbele ya kibarua hata siku moja. Huyo ndiye mtu anayejua maana ya cheo.

2. Aibu. Katika maji yote yaliyotuama chini ya jua, binti yangu alichagua ya mtaro wangu. Tangu utotoni nilisikia kwamba elimu ni bahari. Sikuambiwa kuwa kuna siku itakuwa mtaro. Kila asubuhi, sisi tukishuka na makoleo, na yeye yuko ukingoni amechuchumaa, daftari gotini, mkononi upawa aliouazima jikoni na kuufunga kwenye mti mrefu. Anachota maji machafu, anayamimina kwenye sahani nyeupe, anahesabu viluwiluwi vya mbu. Anamwaga. Anachota tena.

Mpishi wetu, ambaye ndiye aliyempa mahali pa kulala, alinipigia kelele mbele ya watu wote kwenye foleni ya chakula: "Baba Msomi! Miaka yote ile darasani, mtoto amekuja kujifunza kuchota? Si ungemleta kwangu nimfundishe kwa mchana mmoja!" Watu wakacheka mpaka sahani zikatikisika. Na mwenzangu wa kitanda cha juu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, akaongeza kwamba chuo kikuu kimeanza kuajiri vibarua ila kinaona haya kusema.

Mimi nimechimba ili mwanangu asiuguse udongo huu. Akapanda ngazi zenu zote, moja baada ya nyingine, na ya mwisho ikamshusha kwenye shimo langu.

3. Neno "sijui". Nililisoma daftari lake akiwa amekwenda kuoga. Najua si adabu, lakini nilikuwa namtafuta mwanangu humo. Nikakuta ukurasa wa siku ya nne ameandika: "Viluwiluwi vimepungua mtaro wa juu. Sijui kwa nini." Ukurasa huo ameupiga picha na kumtumia mhadhiri. Mhadhiri amejibu: "Vizuri sana." Vizuri nini? Mimi nilipokuwa darasa la tano niliulizwa mji mkuu wa nchi moja, nikasema sijui, nikachapwa viboko vitatu, na mpaka leo sijasahau ule mji mkuu. Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu, ilikuwa inaingia kutoka nyuma na inakaa.

4. Swali la "umejuaje?" Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema iwe kazi ya kudumu. Siku moja nilimwambia binti yangu asogee, ukuta wa mtaro unataka kuanguka. Akasogea. Ukaanguka. Mtoto mwingine angeshukuru na yakaisha. Huyu akaniuliza, "Baba, umejuaje?" Nikamwambia ukuta kabla haujaanguka hulia: kwanza hudondosha punje ndogo, kama mtu anayetoa machozi kwa kujizuia, halafu koleo likigonga hutoa sauti nene, halafu udongo hunuka ubichi. Akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia hakuna. Siku niliyoajiriwa nilipewa koleo nikaambiwa, "Chimba." Mengine niliyaona mwenyewe, na nilichokosea mara ya kwanza sikukirudia, maana mwenzangu mmoja alikirudia na hakutoka.

Akaandika yote, akafunga daftari, akasema, "Baba, hii ni elimu ya uwandani." Nikamwambia asinitukane. Hiyo si elimu, hiyo ni shida.

Ugonjwa huo sasa umeenea. Shangazi yake alipiga simu kutoka nyumbani, akatueleza kama kawaida yake kwamba vyura huanguka na mvua kutoka mbinguni. Binti yangu akamwuliza, kwa adabu kabisa, "Shangazi, umewahi kumwona mmoja akiwa bado yuko hewani?" Shangazi akanyamaza. Mheshimiwa, dada yangu ana miaka hamsini na tisa na hajawahi kunyamaza. Siku ya tatu akapiga tena kusema ameweka beseni juu ya paa na anangoja mvua. Mwanamke mwenye wajukuu yuko juu ya ngazi kwa sababu ya idara yako.

5. Chupa. Hili naliandika kwa uchungu, kwa sababu nimechafuliwa jina katika maandishi ya chuo.

Binti yangu alikuwa na chupa ishirini na nne za vioo, zile za jamu, amezipanga chini ya kitanda changu. Kila moja ilikuwa na maji ya mtaro, viluwiluwi ishirini, na karatasi imebandikwa ubavuni. Katika chupa kumi na mbili alikuwa ametia pia mdudu mmoja wa kahawia, mbaya wa sura, mwenye taya kama koleo. Aliniambia huyo ni mtoto wa kerengende. Kabla hajaota mabawa huishi majini na chakula chake ni viluwiluwi vya mbu. Nikaitikia kama mtu anayesikia habari za nchi nyingine.

Jumapili moja alikwenda kununua karatasi. Mimi nilikuwa na mapumziko. Nikazitazama zile chupa. Nikaona maji machafu, wadudu, karatasi zimejikunja pembeni, na mwanangu amekonda. Nikasema moyoni, mtoto huyu amehangaika peke yake siku kumi na moja, baba yupo hapa amelala tu. Nikazitoa nje. Nikazimwaga. Nikaziosha kwa sabuni na mchanga, nikabandua zile karatasi zote, nikazianika kichwa chini juu ya bati zikang'aa mpaka mpishi akauliza kama kuna harusi. Nikaketi kwenye ndoo nikisubiri sifa.

Aliporudi alizitazama zile chupa juu ya bati. Hakulia. Aliketi karibu yangu, akafungua daftari na kuandika: "Siku ya kumi na moja. Chupa zote zimeoshwa. Sababu: baba."

Akaupiga picha ukurasa huo, akamtumia mhadhiri. Mhadhiri akajibu: "Kosa zuri. Eleza zaidi."

Tangu lini kosa likawa zuri? Na mimi, mheshimiwa, ambaye sijawahi kufika mbele ya polisi wala hakimu, nimeandikwa na taasisi ya elimu ya juu kuwa sababu.

6. Kumdhalilisha nyapara. Zile chupa zilipokwisha, binti yangu alibaki na siku kumi na mitaro tu. Akaamua kuhesabu humo humo mtaroni, asubuhi na jioni, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu kuna desturi: kila Jumatatu nyapara hubeba debe la oili chafu ya magari akaimimina kwenye maji ya mtaro wa chini, kuua mbu. Mtaro wa juu huwa haupati, maana debe huisha njiani. Desturi hiyo ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Oili ikimwagwa, viluwiluwi hufa, tunaona kwa macho yetu, tunampigia nyapara makofi.

Binti yangu akahesabu siku ya kwanza: vimekufa. Siku ya tatu: hakuna. Sisi tungeishia hapo. Yeye akaendelea. Siku ya saba: vimerudi, vingi kuliko mwanzo. Na watoto wa kerengende katika mtaro ule, hakuna hata mmoja. Oili iliwaua wao pia, na wao si wepesi wa kurudi kama mbu. Mtaro wa juu, usiopata kitu, wamejaa tele, na viluwiluwi ni vya kutafuta.

Kwa hiyo labda, alisema, labda oili inafuga mbu.

Sasa hilo "labda" ndilo ninalolilalamikia. Chumba chetu tuko sita na tunaugua malaria kwa zamu, kama ulinzi. Wiki ile Redio alikuwa kitandani kwa mara ya tatu mwaka huu, amezimika kweli, na kimya chake kilituogopesha kuliko homa. Nikamwambia binti yangu, twende kwa nyapara sasa hivi umwambie aache. Akakataa. "Baba, mitaro miwili si ushahidi. Huenda ni kivuli, huenda ni mteremko, huenda ni kitu ambacho hatujakiona. Nikatae oili leo, halafu niwe nimekosea, nani atakayeugua?" Nikamwuliza anahitaji mitaro mingapi. Akasema madimbwi thelathini, na kwa wiki sita. Akanionyesha fomu yenu.

Hivyo ndivyo mnavyoharibu watoto. Mtu wa darasa la sita angekuwa na uhakika tangu siku ya kwanza.

7. Hili la saba si lalamiko, ila namba ilikuwa wazi. Udongo wa kinamasi siujui. Udongo wangu ukitaka kula mtu hulia kwanza, nikausikia. Ule unameza kimya kimya, na mimi sitakuwepo kumwambia asogee. Nilimwambia binti yangu hivyo tulipokuwa tunasubiri gari lake. Nilitegemea abishe, maana angebisha ningemshinda. Akasema, "Ukikataa nitakuelewa, baba," kisha akaniachia ule upawa, akapanda.

Kwa sababu hizo zote, naidai idara yako mambo yafuatayo:

(a) Kinamasi kiletwe darasani. Maji yachemshwe kwanza. Wadudu waletwe wakiwa wamekufa, wamelala chali, na wafanane na picha. Asiyefanana na picha arudishwe alikotoka.

(b) Wahadhiri wapigwe marufuku kutojua. Akitokea asiyejua, ajifiche ofisini mpaka ajue.

(c) Miti yote karibu na madirisha ya idara ikatwe, kwa sababu mwanafunzi wa baiolojia akikiona kitu kilicho hai anaweza kuvutiwa, na akivutiwa nacho mtihani utamshinda.

(d) Majibu yatangulie maswali. Ikiwezekana maswali yaachwe kabisa.

(e) Vitivo vingine navyo vichunguzwe upesi. Mkiachiwa ninyi, kesho tutasikia daktari anafundishwa kwa kuonyeshwa wagonjwa na mjenzi kwa kuonyeshwa nyumba, na keshokutwa rubani atatakiwa aende angani, huko juu, bila darasa wala ubao.

(f) Jina langu lifutwe pale palipoandikwa "Sababu".

Ukiyatekeleza haya, nitajua binti yangu yuko mahali pakavu, ameketi, anaandika anachoambiwa, kama nilivyomwota kila nilipokuwa shimoni na maji magotini.

Nisalimie mhadhiri wake, pamoja na hayo yote. Wasalimie makarani, na mlinzi wa getini. Mpishi wa kambi anakusalimu. Anasema upawa ule ni wa pili kuondoka jikoni mwaka huu na wa kwanza haukurudi. Redio ameketi leo, amekula uji, anakusalimu kwa kirefu lakini nimemfupishia. Shangazi anasalimu kutoka ngazini.

Wako katika udongo,

Baba wa mwanafunzi wenu.

Tanbihi: Barua hii niliiandika Jumapili. Leo ni Jumatano asubuhi na sijaituma, kwa sababu nilisema moyoni kabla sijamlalamikia mtu ni vizuri nihakikishe. Nimekuwa nikishuka mtaroni na upawa kabla ya kazi, nachota mara kumi kila mtaro, namimina kwenye sahani nyeupe. Tumeongeza mitaro mingine mitatu ya zamani, kwa hiyo sasa ni mitano. Redio ndiye anayeandika, maana mwandiko wake ni mzuri na hajapata nguvu ya koleo. Mpishi mwenyewe husimama nyuma yetu akisema tunahesabu vibaya, na mara mbili alikuwa sahihi. Nyapara nilimwendea kwa unyenyekevu, nikamwomba mtaro wa chini aunyime oili wiki mbili tu, tuone. Akaniuliza nimejuaje kwamba oili ina kasoro. Nikamwambia sijui. Mheshimiwa, nilipolitamka hilo neno hakuna aliyenichapa.

Fomu iko ndani ya bahasha hii, nimetia saini. Dereva wa lori la kokoto anakuja mjini leo, ataileta mkononi mpaka getini. Doa lililo pembeni ni udongo wa mtaro wa chini, halina madhara. Pale palipoandikwa "Uhusiano na mwanafunzi" nimejaza "Baba (Sababu)", ili maandishi ya chuo yasipingane. Madai yangu ya (a) mpaka (f) yasomwe, yasitekelezwe. Na mwambieni mwanangu kwamba kwenye kinamasi atembee na mti mrefu, apime kila hatua kabla hajaweka mguu. Nimeuliza watu wawili waliowahi kufanya kazi huko, wote wamesema hivyo, lakini atazame na yeye.

Dereva anazo pia zile chupa ishirini na nne. Nimeziosha. Safari hii niliuliza kwanza.

Jambo moja limebaki. Mtaro wa tano haujawahi kutiwa oili, watoto wa kerengende wamo wengi kama mtaro wa juu, na bado viluwiluwi vimejaa. Haiingii akilini. Redio anasema ni majani yaliyooza, vinajificha humo; mimi nadhani ni kitu kingine. Kama mhadhiri analijua jibu, tafadhali, nakuomba kwa heshima yote iliyobaki katika barua hii, asiniambie.